Macho ya Matano na Chupa Kubwa

Jumatatu, 9 Agosti 1965

Matano ameamka macho yamegandana kwa tongo. Nimeyaosha kwa maji ya vuguvugu, yakafunguka nusu, naye akanicheka. Mwanangu! Ijumaa babake, Mwero, anakuja kutoka kazi ya reli huko Mackinnon Road. Hajamwona tangu azaliwe. Nataka waonane macho kwa macho.

Mavyaa, mamake Mwero, asema nende zahanati kwa dresa Chirau, mtoa dawa wetu, ni hapo tu nyuma ya msikiti. Hapo tu! Wifi yangu Dama alimpeleka mwanawe hospitali kubwa Msambweni, na kadi ameitundika ukutani kama picha ya harusi. Hata mimi ni mama. Dawa hutiwa katika chupa ya mgonjwa mwenyewe, basi nimesuuza iliyo kubwa kuliko zote.

Jumanne, 10 Agosti

Msambweni kwa miguu. Foleni hadi nje. Nikamnong'oneza nesi kwamba mtoto hajanyonya siku tatu. Akatupitisha mbele mbio! Kuketi tu, Matano akavuta leso, akanyonya kwa kelele hata mzee wa mwisho akasikia. Nesi akauliza kama siku hizo tatu zimekwisha sasa hivi. Watu wakacheka.

Mmoja hakucheka. Mama mmoja wa kisiwa cha Funzi, mwanawe anahema, mbavu zaingia ndani. Ndiye niliyempita. Nikainuka mwenyewe, nikarudi nyuma kabisa. Sikuweza kumtazama.

Saa saba nesi akamsafisha Matano, akampaka machoni mstari wa marhamu mwembamba kama uzi. Chupa ya nini! Akasema kwa upole kwamba maradhi haya ni ya zahanati, apakwe kila siku kwa dresa wetu, nisimtembeze juani bure.

Kadi nimepata, lakini. Nimeitundika.

Jumatano, 11 Agosti

Zahanati, ila Dama asinione! Nikazunguka kwenye mikorosho, leso hadi puani. Ndani ameketi nani? Dama, leso hadi puani, mwanawe upele mwili mzima. Akasema amepita tu kumwamkia dresa. Nikasema hata mimi. Basi tukamwamkia. Shikamoo, habari za nyumbani, za kuku, za mvua. Hakuna aliyeondoka. Mwisho dresa akasema, "Marahaba, kina mama, salamu zimenitosha. Sasa nionyesheni watoto."

Robo saa, sote tumekwisha kuhudumiwa.

Ijumaa, 13 Agosti

Tongo hata moja hakuna! Mwero kaingia, Matano kamtazama kwa yote mawili, akapiga ukelele, akajificha kifuani kwangu. Amemwona! Nimelia hata mimi.

Mwero ana kikohozi kidogo, vumbi la njiani. Mavyaa asema kwa dresa, ni hapo tu. Mume wangu huyu, zahanati? Kesho alfajiri twenda Msambweni. Kikohozi ni dawa ya maji, chupa itafaa. Nesi nitamwambia hajala siku tatu.

Sasa hivi anaomba sahani ya nne.