Makoti Mawili ya Buenos Aires

Jumatatu, 8 Julai

Siku tatu zimebaki. Kikundi chetu cha dansi cha parokia kinakwenda Buenos Aires, watu kumi na wanne. Hapa Cuiabá leo ni nyuzi thelathini na nne, na hiki ndicho kipupwe chetu. Kule wanasema nyuzi tano.

Jumamosi, kwenye chakula cha usiku cha kufunga safari, nitamposa Bi Eunilce. Nimekata shauri. Ni mjane, mcheshi, akicheza rasqueado, dansi ya kwetu, utadhani sakafu inamsukuma. Miaka miwili nimekuwa nikimtengenezea friji yake. Friji yenyewe ilipona mara ya kwanza.

Kikwazo ni Osmarino, karani mstaafu wa mahakama, mwenye masharubu ya kuchana. Naye anakwenda. Wiki iliyopita Bi Eunilce alisema mbele yetu sote kwamba hakuna kinachompendeza kama mwanamume ndani ya koti refu la sufu. Nilisikia. Osmarino naye alisikia.

Jumanne, 9 Julai

Nilifika dukani kwa Bi Zenaide kabla hajafungua. Ndiye anayekodisha nguo za baridi kwa wasafiri wa mji huu, maana nani atanunua koti la sufu aliweke Cuiabá? Makoti marefu ya kiume yako mawili tu: jeusi na la kahawia. Yaliyobaki ni ya watoto na ya kina mama.

Nilifikiri sana, karibu nusu dakika. Nikachukua yote mawili.

Zenaide akauliza la pili la nani. Nikasema la kaka yangu. Akasema anavyojua yeye nina dada tu. Nikasema ni kaka wa mbali.

Osmarino alifika saa nne. Alitoka na koti la mvua la plastiki, la njano. Nilimwona kutoka ng'ambo ya barabara nikiwa nyuma ya nguzo. Siku njema sana.

Jumatano, 10 Julai

Kufunga begi. Ndege inaruhusu kilo kumi. Makoti peke yake yamekula zaidi ya tano, buti zikala mbili. Dada yangu Marinalva alilikalia begi, likagoma. Nikatoa mashati. Likagoma. Nikatoa sweta. Likafungika.

Marinalva alicheka mpaka akashika mbavu. "Kaka, juu waziri, chini kibarua! Ndani ya koti utavaa nini?"

Nikamwonyesha nguo yangu ya kulalia ya flaneli, aliyonipa mwenyewe, yenye picha za ndege korongo wa mabwawa ya Pantanal kifua kizima. Shingoni naweka skafu. Nani ataona? Mimi ni fundi wa friji mwaka wa thelathini huu, baridi naijua. Penye baridi, ndani ndiko kubaya zaidi. Fungua friji yoyote. Koti langu halitavuliwa mpaka turudi.

Jioni nilifanya majaribio katika chumba cha baridi cha bucha. Dakika ishirini katikati ya mapaja ya ng'ombe, koti limefungwa vifungo vyote. Nilistarehe. Mwenye bucha aliniuliza mara mbili kama ninatafuta kitu.

Alhamisi, 11 Julai

Uwanja wa ndege. Osmarino alinijia na plastiki yake mkononi, mnyonge kabisa. "Bwana Arlindo, nisitiri ndugu yangu. Nimesikia unayo mawili. Niazime moja."

Nikamweleza kwamba watu wa mijini huvaa la kahawia asubuhi na jeusi jioni, kwa hiyo yote yana kazi. Bi Eunilce alikuwa nyuma yetu, akasikia kila neno. Nadhani alivutiwa na ujuzi wangu.

Ijumaa, 12 Julai

Nyuzi tano kweli, na upepo. Nilishuka hotelini na koti la kahawia. Bi Eunilce alinitazama toka kola mpaka pindo. "Arlindo, leo umetoka! Kama picha ya gazetini." Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Osmarino alitembea akichakacha kama mfuko wa sokoni. Meno yakimgongana. Watu wote walicheka, mimi zaidi.

Kwenye barabara ya Corrientes mambo yakageuka. Bi Eunilce alisimama, akafungua skafu yake ndefu, akajifunga nayo pamoja na Osmarino. "Sogea hapa, baba, usije ukatufia ugenini." Wakaenda hivyo, mkono kwa mkono, mpaka saa saba mchana.

Nikasema hata mimi nasikia baridi. Akapapasa mkono wa koti langu. "Wewe? Wewe umevaa nyumba nzima."

Jioni nilibadili, nikavaa jeusi. Hakuna aliyetambua.

Jumamosi, 13 Julai

Niandike tu, yaishe.

Tuliingia mkahawani saa mbili usiku. Joto! Kila ukuta una bomba la moto. Watu hawa baridi wanaiacha nje, ndani wanaishi kama sisi Novemba. Fundi gani aliyepanga hivi?

Wote walitundika makoti. Mhudumu alininyooshea mkono mara tatu. Nikakataa. Osmarino alivua plastiki yake, na ndani yake ana shati jeupe, tai na kizibao, vyote vimepigwa pasi. Kumbe begi lake lote lilikuwa na nafasi.

Supu ilipokuja nilikuwa nimelowa. Nyama ilipokuja nilimwona Bi Eunilce kwa ukungu. Hata hivyo nikasimama, nikamshika mkono, nikaanza maneno yangu. Akausikia mkono wangu ulivyowaka. "Jamani, huyu ana homa!" Alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, vidole vyake ni vyepesi. Vifungo vinne vilifunguka kabla sijatamka neno la pili.

Korongo wote nje. Mhudumu akauliza kwa upole kama bwana analala hapahapa.

Walinipakia kwenye teksi, peke yangu. Nilihuzunika sana.

Jumatatu, 15 Julai

Nyumbani. Bi Eunilce amekuja mwenyewe kuniambia, kwa heshima. Osmarino alimposa jana asubuhi kwenye benchi, wakiwa ndani ya skafu ileile, naye amekubali. Akaongeza, akitabasamu, "Angekuwa na koti, Arlindo, wala nisingemsogelea."

Imeniuma. Nimemtakia heri, kisha nimeketi jikoni kwa saa nzima nikitafuta kosa langu liko wapi. Nimelipata. Skafu ile aliikodi kwa Zenaide. Niliiona pale rafuni Jumanne, nikaiacha.

Mwezi ujao kikundi kinakwenda Curitiba, nako kuna baridi. Bi Jacirema, mjane wa mfamasia, amejiandikisha. Mchana nimepita kwa Zenaide nikakodi tena makoti yote mawili, skafu zote kumi na moja, na glovu zote.

Begi limegoma kufungika. Nimetoa suruali. Koti ni refu.