Nyuki wa Mizinga Wafungishwa Kwaresima

Redio ndiye aliyeanza. Tunamwita hivyo kwa sababu akisikia habari hawezi kulala nayo. Alivuta kigoda pale kilabuni kwa Mama Mulu, hapa mjini kwetu Dangla, akaikamata shingoni chupa yake ya teji, pombe yetu ya asali.

"Mmesikia? Wataalamu wanasema vijidudu vya tumboni mwa nyuki vinapunguzwa kwa mlo! Chakula tu, bila sindano!"

"Kwani nani alikwambia nyuki anadungwa sindano?" akauliza Shemasi. Ushemasi aliuacha zamani, kuhukumu watu bado.

Tukamgeukia Alemneh, yaani Mizinga. Nyuki wake wanaharisha wiki nyingi sasa. Milango ya mizinga imejaa michirizi ya kahawia, na kila asubuhi anafagia maiti. Asali yake ndiyo teji ya Pasaka ya mtaa mzima, kwa hiyo ule msiba ulikuwa wetu sote.

"Mlo nimeshawapa," Mizinga akasema kinyonge. "Bwana nyuki wa wilaya alisema sharubati ya sukari, safi, na unga wa maziwa kidogo."

"Maziwa!" Shemasi akaruka. "Kwenye mfungo? Unataka mdudu atuvunjie mfungo?"

"Ndivyo ulivyofoka hata siku ile, Shemasi. Nikayaacha. Nikawakorogea shiro, ule unga wa dengu, kwenye sharubati."

"Hapo sawa. Shiro ni chakula cha mfungo."

"Lakini ni ile ya nyumbani, mke wangu keshaitia berbere."

"Pilipili kwa mtu anayeharisha?" nikauliza. "Wewe una roho!"

"Na kitunguu saumu ulitia?" Redio akadakia. "Nilikwambia utie kingi! Kile kinaua kila kitu."

"Nilitia. Kinaua kweli."

Tukacheka mpaka Mizinga akainamisha kichwa. Mizinga minane imebaki mitatu, na sisi tunacheka! Watu wa kijiweni hatuna haya.

Redio akapiga funda, akakunja uso. "Mama Mulu, teji yako leo vipi? Mbona kama nashushia mchuzi?"

"Kumbe na wewe?" Shemasi akanusa chupa. "Nilidhani ni koo langu. Inawasha."

Mama Mulu akajifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni, taratibu, kama anayejiandaa kupigana.

"Hiyo ni asali ya Mizinga, naijaribu kabla ya Pasaka. Nyuki wana akili kuliko nyie wote. Ushauri wenu hawakuula, wameuweka akiba kwenye masega. Ndio huo mnaunywa."

Redio akaisukuma chupa yake kando.

Mizinga akasimama, akavaa kofia. "Naenda kuwakorogea sharubati safi. Na maziwa nitatia."

Shemasi akafungua mdomo. Mama Mulu akamwekea mbele chupa nyingine ya teji ileile, imejaa hadi juu.

Shemasi akaitazama, akaufunga mdomo.