Malalamiko Juu ya Nesi Anayenijulia Hali Kila Saa

Wodi ya Wanaume, kitanda cha dirishani,
Lamu, 1956

Bwana Msimamizi wa Hospitali,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni Yunusi bin Mselem wa Mbwajumali, niliyelazwa kwako kwa kuchomwa mguu na mwiba wa samaki taa. Nakuandikia kwa adabu zote, ila nimechoka. Umeanzisha mtindo wa nesi, Bi Swafiya, kumpitia kila mgonjwa kila saa na kumuuliza hali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu ukiulizwa hali unajibu njema, alhamdulillahi, hata kama umeletwa kwa machela. Kummwagia mtu shida zako kabla hajakaa ni utovu wa adabu. Basi kila saa naulizwa, kila saa najibu njema, na mguu unaniwaka moto mpaka nyongani. Bi Swafiya anaandika "njema" na kwenda zake. Nasikia kesho mtanirudisha nyumbani, maana ni mzima.

2. Mgeni haondoki kwetu na kinywa kikavu. Mke wangu, Bi Mwanamkisi, anashinda hapa na birika la kahawa. Nesi akija humwita aje anywe, "Ndoo unwe kahawa." Nesi hujibu yuko kazini. Sasa mke wangu anaamini kahawa yake imedharauliwa, na aliyenuniwa ni mimi.

3. Mwanamke anayemjulia mwanamume hali mara zote hizo, wodi nzima ikitazama, lazima ana neno. Jeilani wa kitanda cha pili ameshaniuliza posa ni lini. Habari zimefika Mbwajumali, na mama mkwe yuko njiani.

Kwa hiyo naomba nesi aje mara moja kwa siku, akae, anywe kahawa, tuzungumze mvua na nazi mpaka maradhi yajitaje yenyewe. Ikishindikana, nipe ruhusa nitume wazee kwao, tuhalalishe hizi ziara.

Wasalimie madaktari, wapishi, na mzee anayefagia, ambaye haulizi mtu kitu.

Ni mimi, mgonjwa wako mzima,
Yunusi bin Mselem

Nyongeza: Sijaifunga barua, Bi Swafiya amekuja tena. Leo alikaa, akapokea kikombe, akanywa chote. Hapo mke wangu akafunguka ulimi, akasema kila kitu, na shuka akalifunua mwenyewe. Daktari aliitwa, kauona mguu, anasema ningekwenda nyumbani kesho, ningerudi kukatwa mguu. Naogopa, Bwana, sikufichi. Tafadhali nesi asiache kuja, hata kila nusu saa. Na mama mkwe akifika akiuliza hali yangu, mwambieni si njema.