Ritongo Liniamulie Zipu, Dagaa na Konstantino

Kibanda cha Ushonaji,
Nkende, Tarime.
Jumatano, mchana, kabla sijala.

Kwa Mwenyekiti wa Ritongo la ukoo wetu,
Mzee Nchagwa,
Nyanungu.

YAH: KUOMBA KUAMULIWA

Baba mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mwanao Veneranda, binti wa mdogo wako, yule fundi cherehani wa mjini. Huku hatujambo wote, isipokuwa mimi. Naandika kwa heshima zote nikijua kwamba ritongo ni baraza la wazee wanaume, na kwamba hukaa kwa mambo mazito kama ng'ombe walioibwa na mipaka ya malisho. Siombi kukaa humo. Naomba mkae kwa ajili yangu, kwa sababu akili yangu ya kuamua imekwisha. Inaisha kila siku kama chaji ya simu, na siku hizi inaisha kabla ya saa sita mchana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja. Zamani mama alileta kitambaa akasema gauni, nami nikamshonea gauni. Siku hizi analeta simu. Ndani ya simu wamejaa wanawake waliosimama kiupandeupande, na kila mmoja ana shingo yake, mikono yake na marinda yake. Nauliza: shingo ya duara au ya pembe? Zipu mgongoni au ubavuni? Tuweke bitana? Mama ananiangalia kwa upole na kusema, "Amua wewe fundi, mimi sina neno." Siku ya kupima hana neno. Siku ya kuchukua anayo yote. Kuna mteja mmoja wa Sirari aliniambia, "Wewe nishonee tu kitu poa, si wewe ndio fundi?" Nikaamua mikono mirefu. Alipokuja akashika kiuno: "Sasa hii ni nini umenifanyia? Kwani mimi ni sista?" Mpaka leo gauni limetundikwa hapa kibandani, naye hapiti tena barabara yetu.

2. Kwaya. Walitaka sare mpya. Soprano wakataka damu ya mzee, besi wakataka bluu ya bahari. Walibishana Kwaresima nzima, kisha wakakubaliana jambo moja tu, kwamba fundi ndiye ataamua. Niliamua damu ya mzee. Jumapili iliyofuata besi wote waliimba wamefunga midomo, na katekista akadhani ni mtindo mpya akawapongeza. Wamenuna mpaka leo, na mimi ndiye ninayekaa nao benchi moja.

3. Maftah. Huyu ndiye tunayechangia kibanda, mtu wa Tanga, mshona kanzu. Kanzu ni nyeupe, baba mkubwa. Anapima urefu, anashona, anakunywa chai yake ya tangawizi. Sina ugomvi naye hata kidogo, lakini naulalamikia rasmi utulivu wake, maana unakaa pembeni yangu kutwa nzima na kunitazama. Halafu ikifika saa saba, baada ya kukaa asubuhi yote bila kuamua chochote, ananigeukia na kuuliza, "Dada Veneranda, leo tule nini?"

4. Chakula chenyewe. Ng'ambo ya barabara, kwa mama lishe Agustina, kuna ugali wa mtama, wa udaga na wa sembe, kuna wali, kuna ndizi, halafu sato, dagaa, maharage na mbuzi. Agustina huvitaja vyote kwa pumzi moja. Jana nilisimama mbele yake mdomo wazi mpaka akawahudumia wote walionifuata kwenye foleni. Nilirudi kazini na kijiti cha meno. Sikula, lakini vijiti vilikuwa vya aina moja, kwa hiyo niliweza kuchukua. Ugonjwa huu umenifuata hadi dukani. Nikienda kununua sabuni narudi na ndoo, kwa kuwa sabuni zipo za kila rangi na ndoo ni za aina moja. Nyumbani kwangu sasa hapapitiki kwa ndoo, na nguo sijafua.

5. Konstantino. Hapa, baba mkubwa, naomba uvae miwani.

Konstantino ni mchomeleaji vyuma kule Kewanja, kijana wa Bukoba, mpole, ambaye nikikasirika anacheka na mimi nasahau nilikasirikia nini. Alikuja kibandani jioni moja akaniomba tuoane. Siku hiyo nilikuwa nimechagua vifungo vya harusi ya watu wengine, kuanzia bwana harusi hadi mpiga ngoma. Kichwa kilikuwa kitupu. Mdomo ukatoa maneno uliyoyazoea: "Njoo Ijumaa."

Akaja Ijumaa. Nikamwambia bado kidogo, umeme ulikatika. Ijumaa nyingine nikamwambia vimebaki vifungo tu. Mwanamume ameniomba uchumba, nami namjibu kama mtu aliyeleta suruali kupunguzwa! Naye kwa adabu yake anakuja kila Ijumaa, anakaa kwenye benchi pamoja na wateja, wanapeana pole. Sasa kazi yake ya Kewanja imekwisha, anahamia Geita, na amesema Ijumaa hii ndiyo ya mwisho.

Kumpenda sikuamua, baba mkubwa. Kulikuja kwenyewe. Lakini kusema ndiyo ni kuamua, na nyuma ya ndiyo hiyo maswali mengine yamepanga foleni: nihame au abaki, kibanda nimwachie nani, harusi ifungwe kwao au kwetu. Naogopa kwamba keshokutwa nitafungua mdomo nimwambie tena habari za vifungo, naye atashika mkoba wake aende. Nikifikiria hilo nalia juu ya vitambaa vya watu.

Kwa hiyo naliomba ritongo lipitishe yafuatayo:

(a) Likae kila asubuhi mbele ya kibanda changu kuamua shingo, mikono na zipu. Benchi lipo. Wateja wanaolikalia tangu Krismasi watasogea.

(b) Saa saba mchana kiitishwe kikao cha dharura cha chakula. Wazee wakigawanyika kati ya dagaa na maharage, waitwe wazee wa Mugumu, ambao hawana upande. Naahidi kuula uamuzi wowote utakaotolewa.

(c) Mteja atakayetamka "amua wewe" atozwe mbuzi mmoja, aliwe na baraza. Kama ni wa kuchoma au wa mchemsho, tafadhali msiniulize.

(d) Kabla ya Ijumaa mniamulie Konstantino. Ninyi mmepatanisha koo zilizokuwa zikirushiana mishale kwa ajili ya malisho, mtashindwaje na mchomeleaji mmoja? Nipeni ndiyo au hapana yenye muhuri, nami nitamsomea. Ikiwa ni hapana, naomba muhuri msiutafute kwa haraka sana.

Nitashukuru nikipata majibu mapema. Msalimie mama mkubwa, na wote walio hapo nyumbani na majirani. Nilitaka kuwataja kwa majina, nikashindwa nianze na nani, kwa kuwa nikimtanguliza yeyote nitakuwa nimeamua.

Ni mimi mwanao mtiifu, niliyechoka,
Veneranda,
Fundi, Nkende.

Nyongeza: Baba mkubwa, nilikuwa nalamba bahasha, mara kijana wenu Simioni akafika na pikipiki kutoka hapo kwako, ameshika vipande vitatu vya kitambaa: kijivu, kahawia na cheusi. Anasema mmekaa vikao chungu nzima kuchagua rangi ya makoti ya wazee kwa siku ya mapatano ya malisho, mmeshindwa, Mzee Kisyeri amesusa, na azimio lililopatikana ni moja. "Tata Nchagwa amesema fundi aamue mwenyewe."

Nimecheka mpaka Maftah akamwagia kanzu chai. Halafu nikaamua. Kijivu, wote, vifungo viwili, na Mzee Kisyeri nitamwachia nafasi ya tumbo bila kumwambia. Simioni hata hakuwahi kuzima pikipiki. Moto ukiwa bado mkononi nikampigia Konstantino, nikamwambia ndiyo, nikamwambia nahamia Geita na cherehani yangu, harusi ni hapa kwetu, baada ya mavuno. Kisha nikamsikia akiwatangazia wenzake wa karakana, na wote wakaanza kugonga vyuma kama wendawazimu. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Basi, ritongo lisikae tena kwa ajili yangu. Konstantino na wajomba zake watafika kwako Jumapili kwa mazungumzo. Wazee mna uhuru wote wa kukubali au kukataa, nami nitauheshimu uamuzi wenu. Mkumbuke tu kwamba makoti yenu nayashona mimi.