Jinsi Sabaha Alivyomrudisha Kaa wa Kabati la Bi Thuraya

Kwaru. Kimya. Kwaru-kwaru.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, enyi watu wa Kariakoo, nanyi wa Ilala na Mchafukoge: si kwa baragumu wala mzinga, bali kwa mkwaruzo mdogo ndani ya kabati la vyombo, katika giza la kabla ya adhana ya alfajiri, nyumba ya vyumba sita, Mtaa wa Mahiwa. Sogeeni basi, tueni vikapu, mwenye mtoto ampakate. Maana vita vya wiki ile havikutajwa gazetini, na asiyevisikia hapa hatavisikia pengine.

Wa kwanza kuusikia alikuwa Bi Thuraya binti Abdulla, mlinzi wa vikombe vya kaure, mjane ambaye sauti yake ilipata kumrudisha muuza samaki kutoka mtaa wa tatu. Akaamka, akatwaa mwiko kama mtu atwaavyo jambia, akasimama mbele ya kabati.

"Panya," akasema, "umeingia kwa miguu yako. Utatoka kwa mkia wako."

Akafungua. Hapakuwa na panya. Baina ya birika na vikombe, kombe la pwani lenye mistari ya hudhurungi, kubwa kama ndimu, lilikuwa likitembea.

Bi Thuraya akafunga kabati taratibu, akaenda kugonga chumba cha mwanawe. Akatoka mkwewe, Sabaha, kanga begani, usingizi machoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zawadi yako inatembea."

Jueni sasa habari ya zawadi hiyo. Sabaha binti Salem, mke wa Abbasi mshona kanzu, mama wa Hind wa miaka mitano, bingwa wa hati ya mviringo katika darasa la jioni, alikuwa amevushwa Jumapili pamoja na darasa lake hadi kisiwa cha Sinda, kutazama viumbe wa pwani, na binti yake akiwa ubavuni. Kabla hawajashuka mashuani, Mwalimu Josepha aliwapa neno moja: "Mgeni mwema haondoki na mto wa kulalia wa mwenyeji. Tazameni, andikeni, kila kitu kibaki kilipo." Sabaha akaliandika, akalipigia mstari. Saa mbili baadaye akakumbuka kwamba tangu aolewe hajarudi safarini mikono mitupu mbele ya mama mkwe, na kwamba kisiwani hakuna duka. Akainama, akaokota.

"Mama, hili la nani?" aliuliza Hind.

"Halina mwenyewe," alijibu Sabaha, akalifunga katika pindo la kanga.

Na mwenyewe alikuwa ndani. Ni yule kaa ambaye Mola hakumpa gamba la kukinga mgongo, basi hutafuta kombe lililoachwa, akahamia, akalibeba kila aendako. Mpangaji asiyegombana na mtu.

Kulipopambazuka Hind alikuwa amegandamiza pua kwenye kioo cha kabati.

"Mama, ulisema halina mwenyewe."

Sabaha alishapigana na hesabu za kugawanya, na homa mbili za masika, na jiko la mafuta lisilowaka. Hakupata kuchomwa vile. Akaona mambo mawili kwa mpigo mmoja. Akinyamaza, kaa atafia kati ya vikombe. Na mtoto atakua akijua kwamba asiye na mdomo wa kulalamika, chake hakina mwenyewe.

"Nilikosea, mwanangu," akasema. "Lina mwenyewe. Tutamrudisha kwao."

Hapo Bi Thuraya akaketi juu ya mkeka kama kadhi, akanena.

"Mama Hind. Tangu niolewe mtaa huu, hakuna aliyenipa kitu kwa mkono wa kulia akakidai kwa wa kushoto. Zawadi hairudi. Jana nimemwita Lilavati wa dukani akaja kuitazama, akaisifu. Nimwambie nini leo? Kwamba imetoroka?"

"Niwie radhi, mama. Nilikupa kisicho changu. Aibu ni yangu, si yako. Kwa Lilavati nitakwenda mwenyewe."

"Ukaseme nini?"

"Kwamba nilimwiba mtu pamoja na nyumba yake."

Bi Thuraya akapiga mafunda mawili ya kahawa. Hapo Abbasi akaona njia ya amani.

"Si mumtupe hapo Feri tu? Maji ni yale yale."

"Baba Hind," akasema Sabaha, "mtu akimchukua mwanao hapa Mahiwa, kisha akamshusha Buguruni, utasema amekurudishia?"

Abbasi akarudi kwenye cherehani yake, na historia haimtaji tena.

Lakini mashua ya mvuvi Mzee Shomari, ambaye madema yake ya kunasia samaki yalitegwa karibu na kisiwa, huenda huko Alhamisi tu, na siku ile ni Jumatatu. Ikawa siku tatu za mazingiwa. Sabaha akaitoa sufuria ya wali, akaijaza mchanga mbichi, akamweka mfungwa wake humo na kipande cha nazi. Mara mbili alikwenda Feri kwa miguu na kurudi na chupa ya maji ya bahari, jua la mchana limelala juu ya kichwa chake. Wali ukapikwa katika chungu kinachovuja, na Bi Thuraya akaula bila neno, jambo lililotisha kuliko maneno.

Jumatano kaa hakutoka. Asubuhi hakutoka, adhuhuri hakutoka. Sabaha akainamisha sikio juu ya sufuria, akasikia moyo wake mwenyewe tu. Hind akakataa kula. Ndipo Bi Thuraya akaja, akachovya vidole chupani, akanyunyiza mara tatu.

"Ana kiu," akasema. "Mnamtazama tu kama sinema."

Likatoka gando moja. Halafu la pili. Hind akala.

Alhamisi, Sabaha alipofika barazani na Hind na sufuria yake, alimkuta Bi Thuraya amekwisha vaa buibui.

"Nakwenda nanyi. Nikaione hiyo nyumba iliyoshinda kabati langu."

Pwani, Mzee Shomari akawatazama, akaitazama sufuria.

"Watatu kwa kaa mmoja?"

"Kwa kaa mmoja na haki yake," akajibu Sabaha.

"Basi yeye akae mbele."

Bahari ikawarusha, ikawalowesha, Bi Thuraya akasoma kila dua aijuayo na mbili alizozitunga papo hapo. Wakashuka. Sabaha akamweka kaa chini ya mti wa mkadi, pale pale alipomwokota, akarudi nyuma hatua saba, mikono mgongoni. Wakangoja. Kombe likatikisika, miguu ikachungulia, na bwana yule akaondoka kwa ubavu bila shukrani, bila kugeuka, akaingia mizizini mwake.

Na isemwe basi, kutoka Mnazi Mmoja hadi Buguruni, kwamba mwaka ule, wakati wakubwa wa dunia wakigawana walichokitaka, mwanamke mmoja wa Mtaa wa Mahiwa alirudisha alichokichukua. Na kisiwa kikawa kamili tena, hakikupungua hata kombe moja.

Sabaha alikuwa akikung'uta mchanga sufuriani. Nyuma yake Bi Thuraya alikuwa ameinama, mkono wake ukielekea pole pole kwenye kombe jeupe lililong'aa.

"Bibi," akasema Hind, "hilo lina mwenyewe."