Rangi ya Haradali Ndani ya Trela

Jumatatu, 6 Mei

Mume wangu Preben anauza trela. Wanunuzi wanakuja Jumamosi, kasema huku anapaka mkate siagi, kana kwamba anazungumzia mawingu. Trela yetu! Nyumba yetu ndogo ya magurudumu, viangazi thelathini hapa kambini kando ya ghuba. Watoto wamekulia humo. Anasema mgongo wake umechoka na gari letu jipya ni dogo, haliwezi kuivuta. Akaniomba niitengeneze kidogo ndani, ipendeze.

Nikakubali. Kwa upole uliomtia wasiwasi. Mpango: nitaifanya mbaya kiasi kwamba hakuna mwenye macho atakayeitaka. Kichwa ninacho, sijivuni bure.

Jumanne, 7 Mei

Nimenunua rangi ya haradali. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Dalili njema. Nikapaka kabati la kwanza. Linatia kichefuchefu. Nikaenda kunywa kahawa, roho kwatu.

Niliporudi rangi ilikuwa imechuruzika mpaka chini. Sasa, ubaya ni jambo moja, uzembe ni jingine. Mtu anaweza kudhani sijui kushika brashi. Nikapiga msasa, nikapaka upya. Halafu vishikio vikaonekana vichafu, nikavisugua mpaka vikang'aa. Jioni nikasimama mlangoni kutazama. Makabati mazuri sana. Sijui imekuwaje.

Jumatano, 8 Mei

Mpango wa pili. Chini ya benchi kuna ubao uliooza. Ukiinua mto, harufu ya unyevu inakupiga usoni. Nimeamua kuuacha palepale. Watanusa, watakimbia.

Kisha Tove akachungulia dirishani. Tove ni jirani yetu wa kushoto, anayejiona malkia wa kambi kwa sababu ya mapazia yake. Akanusa. Akasema, kwa huruma ya uongo, "Pole, Ingelise. Kazi hizi zina umri wake."

Saa hiyohiyo nikaung'oa ule ubao. Nikakata mpya. Ukawa mfupi. Nikakata mwingine, ukaingia kama droo. Nikamwita Tove aje anuse tena.

Alhamisi, 9 Mei

Sikukuu ya Kupaa, maduka yamefungwa. Mapazia mabaya nitayapata wapi? Nikakumbuka ya marehemu mama mkwe: ya kahawia, yenye maua ya rangi ya chungwa, kila ua kama sahani. Nikayakata, nikayashona, nikayatundika. Yakapatana na haradali kama ndugu waliopotezana. Tove alikuja akapiga picha. Raha iliyoje!

Mchana, sakafu. Gundi chini, zulia la plastiki juu, na kopo linasema usikanyage mpaka kesho. Nilianzia mlangoni kwa uangalifu mkubwa, nikamalizia kitandani. Ndipo nikagundua niko upande gani. Preben alinivuta kupitia dirishani, nusu ya kambi ikitazama na viti vyao wameleta. Aliuliza kwa nini sikuanzia nyuma. Nikamwambia mafundi wa kweli huanzia mlangoni. Sakafu haina hata kikunyanzi kimoja.

Jumamosi, 11 Mei

Wamekuja. Solvej na mumewe Asger, vijana wapole, mtoto njiani. Mpango wa tatu na wa mwisho: nitawaambia ubovu wote. Nikaanza vizuri. Friji inanguruma, nikasema. Paa liliwahi kuvuja. Asger akakunja uso. Preben akatazama viatu vyake.

Solvej akapitisha kidole kwenye kabati. "Mama, hii kazi mmempa fundi gani?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema sijui.

"Mimi," nikasema. "Kwa mikono hii."

Basi tena. Nikawafungulia kila mlango. Nikawaonyesha ubao wa benchi, mshono wa mapazia, pembe za zulia. Nikaeleza kwamba paa nililiziba mwenyewe na halijadondosha tone tangu hapo. Nilipopumua, Asger alikuwa anampa Preben mkono.

Wakaivuta. Mapazia yalionekana mpaka kona ya mwisho, na nakiri yalipendeza hata kwa mbali.

Preben alikaa kwenye nyasi. Macho mekundu. Akasema wakati wa baridi, mgongo ukimuuma, aliwaahidi vijana hao kuwauzia, kisha akajuta lakini akaona haya kuvunja ahadi.

"Ndiyo maana nilikupa wewe kazi," akasema. "Nilikuwa na hakika utaiharibu."

Sijamsemesha tangu hapo. Si kwa ajili ya trela. Kwa ajili ya neno hilo.

Jumapili, 12 Mei

Nimemsamehe. Mwisho wa njia kuna trela iliyotelekezwa, kuukuu kuliko yetu. Ukungu ukutani, panya kitandani, sakafu haipo. Mwenye kambi kasema tuichukue, tena atashukuru. Preben alitaka tufikirie kwanza. Mimi tayari nilikuwa ndani nang'oa makabati. Hii haitoki mikononi mwetu mpaka tuzikwe, tumeapa wote wawili.

Alasiri Solvej alipiga simu. Dada yake kaiona trela, haamini, anatamani moja kama ile. Nikamtajia hii mpya, akauliza kama dada anaweza kuja kuitazama nikishamaliza.

Nimemwambia aje tu. Kutazama hakuna ubaya. Kabati la kwanza nitamwachia alifungue mwenyewe, mengine nitamfungulia mimi.