Safari ya Tone la Mvua na Kinanda cha Kwaya

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema! Mkuu wa shule ametangaza: darasa litakalosimulia hadithi kwa nyimbo vizuri kuliko yote litapanda jukwaani Siku ya Wazazi. Mchujo Ijumaa. Mwalimu wa kwaya akatabasamu kana kwamba keshashinda. Subiri, dada yangu! Mimi ni mwalimu wa Jiografia, sawa, lakini muziki umo damuni. Mchezo nimeshaubuni: Safari ya Tone la Mvua. Tone linapanda mbinguni, linalilia bahari, linaangukia mlimani. Mimi nitakuwa Jua. Mke wangu kauliza nani aliyenidanganya kwamba najua kuimba. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Kidato cha Pili wamepagawa! Hawajawahi kuona mchezo ambao watu wanaongea vizuri, mara wanaanza kuimba. Mmoja akauliza kwa nini wasiendelee kuongea tu. Nikawapa kanuni: moyo ukijaa hadi maneno hayatoshi, simama uimbe, na wenzako wakuitikie. Kanuni yenyewe niliitunga palepale mlangoni. Wakainakili wote! Kuna binti tunamwita Kimya. Hata akiitwa jina huinua kidole tu. Leo kaimba sehemu ya Tone. Darasa zima likaacha hata kukohoa. Machozi yalinilenga, sisemi uongo. Halafu nikampunguzia beti mbili, asije akalifunika Jua.

Jumatano, 5 Machi
Nimechungulia dirisha la kwaya. Balaa! Wana kinanda. Sisi tuna ndoo na vijiko. Hadithi yao inateleza kama imepakwa mafuta, na yule mama anapiga huku kafumba macho. Roho iliniuma. Lakini akili ni mali. Saa ya mapumziko, vijana wangu wanne pamoja na Kimya wamenisaidia kukihamishia kinanda stoo ya maabara, nyuma ya ile mifupa ya kufundishia. Nimewaambia tunakipumzisha. Wameapa kutomwambia mtu. Watoto wana adabu hawa!

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu wa kwaya kazunguka shule nzima, macho mekundu. Nikampa pole, nikamwambia dunia imeharibika. Akanishukuru kwa utu wangu na kunimiminia chai yake mwenyewe. Tamu! Kimya hakuinua hata kidole leo. Pengine ana homa.

Ijumaa, 7 Machi
Sijui nianzie wapi. Kabla ya mchujo, mkuu wa shule akauliza mbele ya wote nani anajua kinanda kilipo. Mimi nikatikisa kichwa kwa huzuni. Kimya akasimama. Nikadhani anaomba ruhusa ya kutoka. Akaimba!

Kiko stoo, nyuma ya mifupa,
kimefunikwa gunia, kinalia.

Darasa langu lote likainuka kumwitikia. Nani kakibeba? Sisi tulikibeba! Nani katutuma? Na mikono yote ikanielekea, taratibu, vidole vimekunjuliwa, kama nilivyowafundisha kulisalimu Jua. Sauti nne! Hakuna aliyechelewa kuingia! Nilitaka ardhi inimeze, lakini mguu wangu ulikuwa unapiga mapigo wenyewe. Mwalimu wa kwaya alilia, akaenda kumkumbatia Kimya. Mkuu wa shule akasema hajawahi kusikia hadithi ikiimbwa hivyo, na kwamba Kidato cha Pili wameshinda.

Tumeshinda! Nikainuka kutoa hotuba, akaniambia nikae. Mchezo utakuwa huohuo wa kinanda, chini ya mwalimu wa kwaya. Mimi nikatakiwa kuomba radhi hadharani, nikaomba, kisha nikapewa kazi ya kuvuta pazia. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala vizuri na nimeona haki yangu iko wapi. Sehemu ya mwizi wamempa kijana wa mstari wa nyuma! Nani atakayeniigiza mimi kunishinda mimi? Basi: siku yenyewe, kijana akifungua mdomo tu, pazia linashuka. Likipanda tena, nimesimama mimi katikati. Wazazi watazimia! Pazia lina kamba mbili, kwa hiyo nimempitia Kimya kwao na kumweleza mpango wote, hatua kwa hatua. Nilipofika getini nikamsikia anaimba chinichini. Kafurahi, mtoto wa watu.